Sura ya Nne: Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Sanduku lenyewe unalijua. Ni la mbao au la bati, limepakwa rangi ya buluu, lina mwanya juu na kufuli dogo ubavuni, na limetundikwa ukutani karibu na mlango wa ofisi ya kata, zahanati au mahakama ya mwanzo. Pembeni yake pamebandikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja, karatasi iliyopauka kwa jua, inayoahidi kwamba barua itajibiwa ndani ya siku kadhaa na mgonjwa ataonwa ndani ya dakika kadhaa. Kufuli limeshika kutu. Ukiuliza ufunguo uko kwa nani, utaambiwa uko kwa mkuu wa ofisi, yaani kwa mtu ambaye, kama una malalamiko, huenda ndiye unayemlalamikia.

Naanzia kwenye ufunguo huo kwa sababu nimekuja kuamini kwamba mengi yanayotuchosha hayatokani na ubovu wa huduma peke yake. Sisi ni watu wa subira. Chakula kikichelewa tunapiga soga, umeme ukikatika tunawasha koroboi na maisha yanaendelea. Kinachotuvunja moyo ni kujua kwamba hata tukisema, neno letu litarudi mikononi mwa yuleyule aliyetukosea. Hali hiyo utaikuta kwenye mgahawa wa mji wa mkoa, utaikuta kwenye dirisha la hospitali, na utaikuta kwa ukubwa wake wote kwenye uchaguzi mkuu.

Tuanze mezani. Mteja anaagiza samaki, anaambiwa wamekwisha. Anaagiza kuku wa kuchoma, anaambiwa wapo wa kukaanga tu. Anaagiza supu ya kuanzia, inafika baada ya nusu saa, imepoa. Anamwita mhudumu.

"Dada, supu hii imepoa."

"Pole, kaka."

Pole hiyo inatoka moyoni, ukimtazama usoni unaiona. Lakini bakuli linabaki pale pale. Kwa miaka mingi nilidhani ni uzembe, mpaka mhudumu mmoja katika mji wa nyanda za juu aliponieleza mambo yanavyokwenda upande wa pili wa pazia la jikoni. Bakuli likishatoka limeandikwa. Likirudi, mpishi atauliza nani atalilipa, na meneja wa kuamua ametoka. Glasi ikivunjika inakatwa kwenye mshahara. Mteja akikimbia bili, anayelipa ni mhudumu aliyemhudumia. "Kaka, mimi hapa sina ruhusa ya kubadilisha hata kijiko," aliniambia, na hakuwa akitia chumvi.

Mwaka 2013 serikali ilitoa amri ya mishahara iliyoweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa, na shilingi 250,000 kwa wale wa hoteli kubwa za kitalii. Viwango hivyo havikuguswa hadi amri mpya ilipoanza kutumika Januari 2023. Katika miaka hiyo mchele ulipanda, nauli ilipanda na kodi ya chumba ilipanda. Wengi wa wahudumu hawakuwa hata na mkataba wa maandishi wa kudai hicho kidogo. Mwaka huo huo wa 2023 nchi ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 1.8, na viongozi wakahimiza ukarimu kwa wageni. Ni haki kuuhimiza. Lakini ukarimu wa mtu asiye na ruhusa ya kurudisha supu jikoni unaishia kwenye neno pole.

Wazee wana maelezo yao kuhusu huduma zetu, nami sitaki kuyapita haraka kwa sababu yana ukweli mwingi. Wanasema tulijifunza tabia hii enzi za uhaba. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 hazina ilikuwa tupu, na kwa miaka iliyofuata sukari, sabuni, khanga na unga vilipatikana kwa mgao na kwa foleni. Aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa mtu wa kubembelezwa. Hakuwa akiuza, alikuwa akigawa, na mgawaji huamua nani amwone na nani asimwone. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na hata kuwa na katoni ya sabuni nyumbani likawa jambo la kujieleza. Bidhaa zilianza kurudi madukani baada ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mizigo. Wazee wanasema bidhaa zilirudi ila adabu ya kaunta haikurudi.

Nakubali kwamba historia hiyo iliacha alama. Lakini yule dada wa supu hakuwa amezaliwa. Hajawahi kusimama kwenye foleni ya mgao wala kuona duka la kaya. Kama anafanya kama mgawaji wa 1982, basi kuna jambo la leo linalomfanya hivyo, na jambo hilo ni kwamba anayemwajiri, anayemkata mshahara na anayeweza kumfukuza si mtu anayekula pale mezani. Mlaji anaweza kukasirika, akalipa na akaondoka, na kwa mhudumu hakuna kitakachobadilika. Meneja ndiye wa kuogopwa.

Katika siasa tuliwahi kulitambua tatizo hili na kuliandika. Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi katika viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliuchukua kwa uzito wake wote. Waliunyanyua mbele ya mameneja na kudai watendewe kama binadamu. Baadhi yao walifukuzwa kwa kudai huko. Naukumbusha kwa sababu vijana wengi wanaambiwa kwamba Mtanzania kwa asili yake halalamiki. Alilalamika, tena kwa kunukuu hati ya chama chake mwenyewe, akaadhibiwa.

Sasa twende kwenye mita ya umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU: unaponunua umeme, sehemu ya fedha yako inakwenda kwenye kodi ya nyumba. Nyumba ni ya mwenye nyumba, umeme ananunua mpangaji. Sheria inamtaka mwenye mali alipe, na mpangaji akaambiwa akakatane na mwenye nyumba kwenye pango. Kila aliyewahi kupanga chumba Mbagala, Mabatini au Soweto ya Mbeya anajua mazungumzo hayo yanavyokwenda. Mama mwenye nyumba atasema, "Mwanangu, kama umechoka, wapo wanaotaka chumba." Hapo napo, anayelalamikiwa ndiye mwamuzi.

Mwezi Julai wa mwaka huo huo zikaja tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi kinachotumwa. Safari hii watu walisema, na walisema kwa njia iliyoonekana: wakapunguza kutuma. Wakarudi kubeba fedha mfukoni na kumpa dereva wa basi bahasha ya mama kijijini. Kabla ya miezi miwili kwisha serikali ilitangaza kupunguza tozo kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata zikashushwa tena. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia namna walivyokuwa wakikaguliwa na kutozwa kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda mwenyewe kuwasikiliza. Mwaka uliofuata walifunga tena. Najifunza jambo moja kwenye visa hivi viwili: palipokuwa na uwezo wa kugoma kwa pamoja, masikio yalipatikana upesi. Lakini mama lishe aliyefukuzwa na mgambo wa jiji hana Kariakoo ya kufunga, wala mgonjwa hawezi kugomea dawa. Nchi inayosikia wale tu wanaoweza kusimamisha biashara inawaacha wengi nje.

Hao wengi ndio waliompenda Rais John Magufuli, na sitawadharau kwa kumpenda. Siku chache baada ya kuapishwa Novemba 2015 alitokea hospitali ya Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine kubwa za uchunguzi hazifanyi kazi. Akamwondoa kaimu mkurugenzi na kuvunja bodi, na mashine zikatengenezwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu aliyelala sakafuni aliona kwamba kuna mwenye mamlaka anayeudhika kwa niaba yake. Baadaye tulizoea kuona msafara wa Rais ukisimama barabarani, mwananchi akipewa kipaza sauti aeleze kero yake, na mkuu wa wilaya au mkurugenzi akiitwa mbele ya umati ajieleze. Mwanzoni mwa 2024 Paul Makonda, wakati huo Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, alizunguka mikoani kwa mtindo unaofanana na huo, akiwapigia mawaziri simu hadharani.

Watu walijipanga na mabango na bahasha zenye nyaraka za viwanja, hukumu na mirathi, na kila bahasha ile ilikuwa imepita ofisi kadhaa kabla ya kufika barabarani. Mjane mmoja anarudishiwa shamba lake mbele ya kamera na tunafurahi naye, kwani amestahili. Kisha msafara unaondoka. Wajane wa kijiji kinachofuata wanabaki na baraza la ardhi lile lile na mtendaji yule yule, ambaye amejifunza tu kuwazuia watu wenye mabango wasifike barabarani siku msafara unapopita. Kero inapotatuliwa kwa huruma ya mkubwa inabaki kuwa sadaka. Mwenye kupewa hana hati ya kudai sadaka ya pili.

Mbunge je? Kwenye karatasi, yeye ndiye mtu wetu. Ndiye aliyekuja na fulana, akala ugali nasi, akaahidi daraja. Lakini Katiba yetu inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, anapoteza kiti. Chama kikimfukuza uanachama, kura zetu elfu arobaini au hamsini zinakwenda naye. Na kabla ya sisi kumpigia kura, wamempigia wajumbe wa chama chake kwenye kura za maoni, na vikao vya juu vikaamua kama jina lake lirudi au lisirudi. Mwaka 2020, baada ya kura hizo, maneno "wajumbe si watu wazuri" yalienea nchi nzima, yakisemwa na walioshindwa. Wengi waliyachukulia kama utani. Mimi niliona humo maelezo sahihi ya mahali ajira ya mbunge inapotolewa. Kama mhudumu wetu, mbunge anajua nani anaweza kumfukuza, na siku ya kuinua mkono Dodoma humkumbuka huyo kwanza.

Hata sheria hiyo ya mbunge kupoteza kiti imetumika kwa namna mbili. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa CUF walivuliwa uanachama na upande wa chama uliokuwa chini ya Profesa Ibrahim Lipumba, na Bunge likatangaza viti vyao kuwa wazi. Novemba 2020 Chadema iliwavua uanachama wanawake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalum bila ridhaa ya chama, nao wakaendelea kukaa bungeni. Mwananchi anayefuatilia mambo hayo hahitaji shahada ya sheria kuona kwamba aliyeamua nani aondoke na nani abaki hakuwa yeye.

Kisha kuna mkurugenzi wa halmashauri, mtu ambaye watu wengi hawalijui jina lake ingawa maisha yao yamo mikononi mwake. Takataka zikijaa sokoni, zinamhusu. Kituo cha afya kikikosa dawa, barua inakwenda kwake. Kibali cha ujenzi, leseni, madawati ya shule, yote yanapita mezani pake. Ni mteule wa Rais. Na kwa chaguzi nyingi tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi: ndiye aliyepokea fomu za wagombea, ndiye aliyesikiliza pingamizi, ndiye aliyemtangaza mshindi. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu akieleza kwamba makumi ya wakurugenzi walikuwa makada wa chama tawala. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo.

Mwezi mmoja baadaye ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Vyama vya upinzani vilisema wagombea wao walikwenda kurudisha fomu wakakuta ofisi za watendaji zimefungwa, na waliofanikiwa kuzirudisha waliondolewa kwa makosa madogo ya kujaza. Vyama kadhaa, Chadema kikiwa mbele, vilijitoa, na CCM ikachukua karibu nafasi zote. Nilipoyasikia malalamiko yale nilimfikiria kila mtu aliyewahi kufunga safari ya nauli mbili kwenda ofisi ya mtendaji kutafuta barua ya utambulisho, akaambiwa na mlinzi kwamba "katoka kidogo, njoo kesho". Mlango ule ule uliofungwa kwa mwenye shida ya barua ulikuwa umefungwa kwa mwenye kutaka uongozi wa mtaa. Mwaka 2020 wagombea ubunge zaidi ya 20 wa chama tawala walipita bila kupingwa, na wapiga kura wa majimbo yao hawakupewa hata karatasi ya ubunge ya kuweka alama. Sheria ya uchaguzi ya 2024 iliuondoa utaratibu huo. Sasa mgombea akibaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni marekebisho ya maana na wanaoyapuuza wanakosea. Lakini kura ya hapana haimrudishi mgombea aliyekuta mlango umefungwa.

Uchaguzi wenyewe nao ni huduma, na umewahi kutolewa vibaya kama huduma nyingine yoyote. Oktoba 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka thelathini, vifaa vilichelewa Dar es Salaam kiasi kwamba vituo vingi havikufunguliwa au vilifunguliwa jioni. Matokeo ya jiji zima yalifutwa na kura zikarudiwa mwezi uliofuata. Watu walirudi wachache. Mwaka 2005 waliojitokeza kupiga kura nchini walizidi asilimia 70 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walikuwa karibu asilimia 43. Viongozi walisema wananchi wameridhika, au wamezembea. Mimi nilikuwa nikiwasikiliza watu kwenye daladala na vibarazani, na sikusikia ridhaa. Nilisikia maneno ambayo mteja husema akikataa kurudi kwenye mgahawa uliomvunja moyo.

Mchungaji Christopher Mtikila hakukubali kukaa pembeni. Alitaka jambo dogo kusema na kubwa kulipata: mtu asiye na chama aruhusiwe kugombea. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema anayo haki hiyo. Bunge likabadilisha Katiba kuifunga njia. Mtikila akafungua kesi upya, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 14 Juni 2013 majaji wake wakasema Tanzania imevunja haki zake. Kwa miaka ishirini mtu mmoja alibisha hodi kila mlango uliokuwepo, na alishinda mara tatu. Alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao mgombea binafsi hakuruhusiwa. Wala hajaruhusiwa tangu hapo.

Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni ya Katiba mpya, na rasimu yake ya 2013 inaonyesha wananchi walielewa vizuri kabisa ufunguo uko wapi. Walitaka mgombea binafsi. Walitaka ukomo wa vipindi vya ubunge. Walitaka uwezo wa kumwondoa mbunge katikati ya kipindi. Walitaka matokeo ya urais yahojiwe mahakamani. Bunge Maalum la 2014 liliyatoa mengi ya kuwabana wabunge, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa. Katiba ya 1977 ndiyo inayotuongoza hadi leo, na Ibara yake ya 41(7) inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake.

Jirani zetu waliandika vingine. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya walitengeneza Katiba ya 2010 inayompa mwananchi nafasi ya kupinga matokeo ya urais mbele ya Mahakama ya Juu, na kuilazimu itoe uamuzi ndani ya siku 14. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Malawi ikafuata mwaka 2020. Sisemi Kenya imepona. Uchaguzi wa marudio ulisusiwa, Raila Odinga alijitoa, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga muswada wa fedha na wengi waliuawa. Lakini mwaka 2013, 2017 na 2022 walioona wameonewa walikuwa na mahali pa kwenda na ushahidi wao, wakasikilizwa mchana kweupe, na nchi nzima ikatazama hoja zikipimwa.

Sisi tulifika tarehe 29 Oktoba 2025 bila mahali hapo. Chadema kilikuwa kimeondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shitaka la uhaini. Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, alikuwa ameenguliwa. Siku ya kupiga kura vijana waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko. Intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, na risasi zikapigwa. Watu walikufa. Siku tatu baadaye Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. Kisha ikaundwa tume ya kuchunguza yaliyotokea, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoteuliwa na Rais.

Sina nia ya kuwasemea waliofiwa, wala kuwafanya marehemu wao mfano wa hoja yangu. Ninachotaka kusema ni kwamba hasira ya siku ile haikuzaliwa Oktoba. Iliota kwa miaka mingi, kwenye kaunta, kwenye mabaraza ya ardhi, kwenye mita za LUKU, kwenye ofisi zilizofungwa, kila siku mtu alipoambiwa pole na hakuna kilichoondoka mezani. Kijana wa miaka ishirini na mbili aliyeingia barabarani alikuwa hajawahi kuona, maishani mwake, lalamiko lake likipokelewa na mtu anayelazimika kulijibu.

Mlango mmoja ulikuwa wazi kwa muda. Machi 2010 serikali yetu iliweka tamko la kuruhusu mwananchi wa kawaida kuipeleka mwenyewe kwenye Mahakama ya Afrika, na kwa tamko hilo Mtikila alisikilizwa. Ndilo pia lililomwezesha wakili Jebra Kambole kuipinga Ibara ya 41(7), na tarehe 15 Julai 2020 mahakama ikasema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Lakini Novemba 2019 serikali ilikuwa imeshatoa taarifa ya kuliondoa tamko, na mwaka mmoja baadaye kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi. Mahakama bado iko Arusha. Mtu wa Ghana au wa Malawi anaweza kusafiri hadi pale kuishitaki serikali yake, na mtu wa Arusha, anayepita mbele yake kwa bodaboda, hawezi.

Tamko lile linaweza kurejeshwa. Ibara inaweza kufutwa. Hayo ni ya wakubwa, na nitayarudia katika sura ya mwisho. Lakini lipo moja ambalo sheria imetuachia, nalo tunalitumia vibaya: mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka ufanyike walau kila miezi mitatu, na hapo uongozi usome mapato na matumizi mbele ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Katika vijiji vingi unafanyika mara moja kwa mwaka, au mgeni akija.

Nimehudhuria mmoja katika wilaya moja ya mashariki mwa nchi. Ajenda ilikuwa darasa ambalo wananchi walikuwa wamechangia tofali na fedha, na kuta zake zilikuwa zimeishia usawa wa madirisha. Mwenyekiti alitaka kulipitia haraka. Bibi mmoja aliyekaa kwenye khanga upande wa mbele alinyanyua mkono.

"Mwanangu mtendaji, tusomee risiti za saruji."

"Shikamoo bibi. Risiti zipo ofisini."

"Marahaba. Ofisi iko hapo, na sisi tupo. Tutakungoja."

Walimngoja. Alirudi na faili, akasoma, na jumla ya mifuko aliyoisoma haikulingana na kuta ambazo kila mtu alikuwa anaziona. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akapendekeza maneno yaandikwe kwenye muhtasari kama yalivyosemwa, yasomwe tena kwa sauti kabla ya kusainiwa, na nakala iende kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa diwani, ikigongwa muhuri wa kupokelewa. Ilipelekwa, na muhuri upo. Hadi naandika ukurasa huu mkurugenzi hajajibu, na wanakijiji wameiweka barua hiyo kuwa ajenda ya kwanza ya mkutano ujao, ambao safari hii wameitisha wao.